Barua Kutoka Nyamisangura

Mjukuu wangu anasoma kidato cha pili katika shule ya bweni mkoani Tabora. Shuleni kwao simu ni marufuku kwa wanafunzi, kama ilivyo katika shule nyingi za bweni hapa nchini, na marufuku hiyo imenipa bahati ambayo mabibi wengi wa siku hizi hawaipati: naandikiwa barua. Barua ya karatasi, ya wino wa buluu, iliyokunjwa mara mbili na kutiwa kwenye bahasha yenye muhuri wa posta. Nami namjibu. Tumeandikiana tangu aanze kidato cha kwanza, na siku hizi hata akiwa likizo kwa wazazi wake Mwanza, simu ya mama yake ipo pale pale mezani, bado huniandikia.

Wenzangu huniuliza kwa nini najisumbua. Wanasema mama wa mtoto anaweza kumpigia mlezi wa bweni, wakazungumza dakika mbili, habari zikaisha. Ni kweli, zinaisha. Umefika salama? Ada imelipwa? Homa imepungua? Haya, kwaheri. Kwa mambo hayo simu haina mpinzani, na mimi mwenyewe sitaki kurudi zama za kungoja wiki mbili ili kujua kama mgonjwa amepona. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne ana mengi ambayo hawezi kuyasema kwa dakika mbili, amesimama ofisini kwa mlezi, huku wenzake wakipanga foleni nyuma yake. Mengine hata hajui kama anayo mpaka akae chini na kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za wilaya ya Tarime mpaka muda wangu ukafika, na sasa naishi Nyamisangura, kata iliyo ndani ya mji wa Tarime, mahali ambapo naweza kwenda posta kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu wanafunzi wangu wa mwisho walijifunza barua kwenye daftari la Kiswahili tu. Anwani juu upande wa kulia, tarehe, salamu, kiini, hitimisho. Nikasahihisha, nikatoa alama, barua zikaishia hapo. Mtaala unataka hivyo, lakini kumfundisha mtoto barua isiyotumwa ni kumfundisha kupika bila kuwasha moto.

Kwa kawaida naandika usiku baada ya chakula, meza ikishapanguswa. Sianzi na mambo makubwa. Namwambia mjukuu wangu kwamba paka wake amezaa tena ndani ya kabati la vyombo na babu yake amekataa wasihamishwe. Namwambia mvua imechelewa, mahindi ya jirani yamejikunja majani, na kwamba ile ndizi aliyoipanda mwenyewe nyuma ya choo imetoa mkungu. Nikifika kwenye habari za paka najua atacheka sentensi gani, basi naicheka mimi kwanza, peke yangu, na mume wangu huuliza kutoka chumbani kuna nini. Watu wengi wanadhani furaha ya barua ni ya anayeipokea. Huanzia kwa anayeandika. Kwa muda wote ule ninaoandika, yule mtoto yuko nami mezani. Simu naweza kuipokea huku nachambua mchicha na macho yako kwenye sufuria. Barua hainipi nafasi hiyo, inanitaka nzima.

Majibu yake huja kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, pale penye pini, ili daftari lisilegee. Hilo sikumfundisha mimi, nadhani kila mwanafunzi hulivumbua mwenyewe. Katika barua yake moja ya mwanzo kabisa kulikuwa na maneno aliyoyakata kwa mstari mnene. Nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha nikayasoma: “Bibi nimekukumbuka sana usiku.” Alipoyakata akaandika juu yake, kwa mwandiko ulionyooka kama wa mtihani: “Tunaendelea vizuri na masomo.” Simu ingenionyesha ile sentensi ya pili tu, maana kinachofutwa kwenye simu kimefutika. Karatasi ilinipa zote mbili, nikajua la kumjibu. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilimweleza tu jinsi mimi mwenyewe nilivyolia wiki ya kwanza nilipopelekwa bweni, na mambo gani yalinituliza.

Hapa Tarime barua ilitukuta tukiihitaji. Watu wetu wametoka sana. Vijana wa Kikurya wameingia jeshini na polisi tangu enzi za jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, wengine walikwenda migodini, wengine kwenye mashamba ya chai upande wa Kenya. Nyumba nyingi za utoto wangu zilikuwa na mtu mmoja aliye mbali. Barua zao hazikuja mlangoni, maana nchi yetu haikuwa na tarishi wa kuzunguka nyumba kwa nyumba vijijini. Zilikuja kwenye sanduku la posta la shule au la misheni, na kijiji kizima kilitumia anwani hiyo moja. Mwalimu mkuu akirudi mjini na bahasha zake, kesho yake asubuhi baada ya wimbo wa taifa alisoma majina paredini. Mtoto aliyesikia jina la baba au babu yake alitoka mstarini akaipokea kwa mikono miwili. Siku hiyo masomo hayakuingia kichwani, bahasha ilikuwa mfukoni na kengele ya kutoka haikulia haraka.

Kwetu aliyekuwa mbali ni baba, askari polisi, kwanza Mtwara kisha Iringa. Bibi mzaa baba hakujua kusoma, wala mama wakati huo. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nikawa mwandishi wa nyumba. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, akanena kwa Kikurya, mimi nikaandika kwa Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho tulichofundishwa kuandikia. Alianza na salamu, na salamu zake zilikuwa orodha ya ukoo. Kila mtu alitajwa, pamoja na yule mzee wa boma la jirani aliyegombana naye juzi. “Muweke,” alisema, “barua haina ugomvi.” Baada ya watu wakaja ng'ombe: nani amezaa, nani anaumwa, nani amepelekwa kwa mahari na nani ameletwa. Kisha wimbi na kahawa. Ndipo akafika kwenye alilolitaka.

“Mwambie paa la nyumba yangu linavuja.”

Nikaandika, nikaongeza kwamba anaomba pesa za kuliezeka. Aliponisikia nikimsomea alinikatiza.

“Nani kakwambia naomba pesa? Futa hapo. Sema linavuja. Mtoto wangu ana akili.”

Nikafuta. Baba alileta pesa mwezi uliofuata kwa hawala ya posta. Mpaka leo ninapomwandikia mtu jambo zito namkumbuka bibi: sema linavuja, uache nafasi mwenzako aonyeshe upendo wake mwenyewe. Sijui kitabu cha uandishi kinachofundisha hilo vizuri kuliko alivyonifundisha yule mzee kwenye kigoda.

Bahasha tuliifunga kwa uji wa mahindi uliobaki, kwa sababu gundi ya kiwandani ilikuwa ya watu wa mjini. Stempu tulizipenda kama picha. Zile za samaki zilitoka 1967 na za vipepeo zilifuata 1973, na wakati huo posta ilikuwa moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, hata stempu moja ilikuwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, na Sirari yetu, ambayo kwa Mkurya ilikuwa njia tu ya kwenda kwa shangazi, ikawa ukuta. Ukoo mmoja ukagawanyika, wengine wakabaki Isebania na Kehancha upande wa Kenya, wengine huku. Shangazi yangu alikuwa upande ule. Barua zake zilikuja kwa miguu, ndani ya kikapu, chini ya ndizi, kwa mkono wa mtu aliyepita njia za malishoni. Hazikuwa na stempu wala muhuri. Zilinukia ndizi. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na shangazi alipofika mwenyewe alikuwa tayari anajua watoto wote waliozaliwa kwetu katika miaka ile, kwa majina na kwa tabia zao, maana nilikuwa nimemwandikia yote.

Sasa nije kwa mama, maana habari hii ni yake zaidi kuliko yangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata kampeni ya kufuta ujinga ikaanza katika wilaya sita, mojawapo ikiwa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu. Baadaye kisomo kikaenea nchi nzima. Hata Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote, lilipitishwa katika mkoa wetu huu wa Mara, Novemba 1974. Mama alijiunga na darasa la jioni chini ya mti wa shule, mgongoni mdogo wangu, mkononi kipande cha chaki. Mwanza walichapa gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, nalo likasomwa kwetu mpaka karatasi ikalegea. Mtihani wa taifa wa kisomo ulifanyika Agosti 1975. Mama aliufanya akafaulu.

Muda mfupi baada ya hapo aliniomba kalamu yangu. Nikamuuliza tuandike nini. Akasema, “Leo naandika mwenyewe.” Alikaa jikoni na koroboi mpaka usiku sana. Herufi zake zilikuwa kubwa, kila moja imesimama peke yake, na aliikandamiza kalamu hadi upande wa pili wa karatasi ukatoa vinundu. Barua ile sikuisoma. Alipomaliza aliitia kwenye bahasha akaifunga mbele yangu, akaniambia niandike anwani tu, kwa sababu hakuamini bado mwandiko wake utaeleweka na watu wa posta. Kwa miaka yote ya ndoa yao kila neno alilompelekea mumewe lilipita kwenye kichwa cha mtoto au cha mwalimu. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza lao wawili. Baba aliporudi likizo nilimsikia akimwambia, wakidhani tumelala: “Nilikuwa nayo lindoni mpaka nikaikariri.”

Mtu akiniambia kuandika barua ni jambo la kizamani, namfikiria mama yangu kwenye koroboi. Kwake lilikuwa jambo jipya kuliko yote.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera, na baba mdogo, aliyekuwa jeshini, akaenda vitani. Simu za maandishi zilikuwapo, lakini kwetu telegramu iliogopwa, maana mara nyingi ilileta msiba. Tulichongojea ni bahasha. Bibi, ambaye kisomo hakukitaka hata aliposhawishiwa, alikuwa anaujua mwandiko wa mtoto wake huyu kwa umbo. Herufi za baba mdogo zililala upande wa kulia, na mkia wa herufi “y” ulikuwa mrefu ukavuka mstari wa chini. Mwalimu mkuu aliponikabidhi bahasha moja katika miezi ile, nilikimbia nayo nyumbani. Bibi hakungoja nifungue. Aliitazama juu, akaona ule mkia, akakaa chini. “Yu hai,” akasema. Hakuna aliyekuwa amesoma neno hata moja. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 tulikuwa na barua zake kadhaa kwenye mkebe wa Africafe, na bibi aliutunza mkebe huo chini ya kitanda hata baada ya mwenyewe kurudi salama na kukaa uani akinywa togwa.

Hapo ndipo penye nguvu ya mwandiko wa mkono. Chapa ya simu ni ileile kwa watu wote, iwe ya mwanao au ya tangazo la mkopo. Mwandiko ni wa mtu mmoja tu duniani.

Ujana wetu nao ulikuwa na barua zake, na sioni haya kuzitaja. Bahasha zenye maua ya waridi, poda kidogo iliyonyunyiziwa ndani, na nje maneno “Fungua kwa tabasamu.” Kulikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu kwenye majarida, na kadi za salamu za Redio Tanzania ambazo mtu alijaza majina ya jamaa zake kisha akakaa sikio likiwa redioni akingoja zisomwe. Mume wangu alinichumbia kwa barua akiwa kazini Mugumu, mimi nikiwa chuo cha ualimu. Uso kwa uso alikuwa mkimya sana. Kwenye karatasi nilikutana na mtu mwingine, mpole, mwenye maswali mengi, anayetaka kujua nimesoma nini na nimeota nini. Ningemhukumu kwa mazungumzo yake tu ningemkataa.

Wazee wa pwani walishasema barua ni nusu ya kuonana, nao walikuwa na haki ya kusema, maana wameandikiana kwa karne nyingi. Maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yanayojulikana ni barua: ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, India, katika nyaraka za Wareno. Zile zilikuwa barua za wakubwa na mambo ya utawala. Mimi zinanigusa zaidi zile za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge. Zilianza mwaka 1931 na kufika 1958, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kikazitoa kuwa kitabu mwaka 2002. Mwandishi wetu mkubwa alikuwa karani wa serikali, akihamishwa huku na huko, na katika barua hizo anaonekana kama kaka mwenye shughuli za ukoo na za kazi. Tunazo kwa sababu moja tu: ndugu yake alizitunza. Bwana Ulenge hakujua mwaka 1931 kwamba anatunza hazina ya taifa. Alikuwa anatunza barua za kaka yake.

Kuna utafiti mmoja naupenda, wa Amit Kumar na Nicholas Epley wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Waliwaomba watu wamwandikie barua ya shukrani mtu aliyewatendea wema, kisha wakabashiri mpokeaji ataionaje. Waandishi wengi walihofu kwamba mpokeaji ataona ajabu, au kwamba maneno yao si mazuri ya kutosha. Wapokeaji walipoulizwa, furaha yao ilikuwa kubwa kuliko walivyobashiri waandishi, na ile ajabu ilikuwa ndogo. Maneno mazuri hayakuwa ndiyo waliyoyatafuta, waliguswa na kukumbukwa. Barua zile zilikwenda kwa barua pepe, hazikuwa na stempu. Nami naamini, kwa niliyoyaona kwa bibi yangu, kwamba mwandiko wa mkono ungezidisha. Lakini hofu ile naifahamu. Watu wazima huniambia, “Mwalimu, mimi sijui kuandika vizuri.” Mama yangu hakujua kuandika vizuri, na askari mmoja akakariri barua yake lindoni.

Basi kwa anayetaka kuanza, mambo yenyewe ni mepesi. Posta haijafa. Shirika la Posta Tanzania lilianza kujitegemea mwaka 1994, baada ya lile la zamani la Posta na Simu kugawanywa, miaka hiyohiyo simu za mkononi zilipoanza kuingia nchini. Siku hizi ofisini utaona vifurushi vingi kuliko barua, lakini dirisha la stempu lipo. Bei inategemea uzito na mahali inapokwenda, uliza palepale. Karani ataigonga muhuri wenye jina la ofisi na tarehe. Mwombe augonge vizuri usomeke, maana miaka ishirini baadaye mtu atataka kujua iliandikwa lini, na waandishi wengi husahau tarehe.

Anwani ndiyo inayopoteza barua nyingi. Andika jina kamili, kisha sanduku, S.L.P. na namba yake, kisha mji. Ukiijua postikodi iweke: ni tarakimu tano, na zile mbili za mwanzo ni za mkoa, yaani Mara ni 31, Tabora ni 45. Kwa mwanafunzi ongeza kidato na mkondo wake, kwa sababu karani wa shule anachukua fungu zima sandukuni na majina yanafanana. Shule yenye Mwita au Juma mmoja tu sijawahi kuiona. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imetupa majina ya mitaa na namba za nyumba, nayo iandike pia, ingawa kwa barua ya kawaida sanduku bado ndilo la uhakika. Nyuma ya bahasha weka anwani yako, ili ikikosa mwenyewe irudi kwako. Kitu cha thamani kitume kwa rejista, utapewa risiti na mpokeaji atatia sahihi. Pesa usitie kwenye bahasha kabisa.

Na kama ndugu yako yuko nje ya nchi usiogope umbali. Umoja wa Posta Duniani uliundwa Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, ili barua iliyolipiwa nchi moja ipokelewe na kufikishwa na nchi nyingine. Stempu uliyoinunua Tarime itaheshimiwa Muscat na Toronto. Afrika nayo ina umoja wake wa posta, na makao makuu yake yako hapahapa kwetu, Arusha.

Kuhusu yaliyomo, sitoi kanuni. Nina matakwa mawili tu. La kwanza, usiandike ya jumla. “Sisi hatujambo, tunaendelea vizuri” ni sentensi ambayo mtu yeyote anaweza kumtumia mtu yeyote. Taja paka, taja mkungu, taja jirani aliyenunua pikipiki akaogopa kuiendesha. Aliye mbali anataka vitu vidogo, kwa sababu hivyo ndivyo anavyovikosa, makubwa huyasikia redioni. La pili, uliza swali moja la kweli, ambalo jibu lake hulijui na unalitaka. Hilo ndilo linaloleta barua ya pili.

Walimu wenzangu walio kazini nawaomba jambo. Umoja wa Posta Duniani huendesha mashindano ya vijana ya kuandika barua, yaliyoanza mwaka 1971, kwa watoto wa miaka 9 hadi 15. Ni vizuri kushiriki. Lakini hata bila mashindano, mkifika kwenye mada ya barua mwambieni kila mtoto aje na bahasha na anwani ya mtu mmoja halisi: shangazi aliye Bunda, kaka aliye JKT, babu aliye kijijini. Sahihisheni kwa penseli, watoto wanakili upya, kisha darasa zima mwende posta siku moja. Mtoto akipata jibu lililoandikwa kwa jina lake, hamtahitaji tena kumwambia kwa nini anajifunza kuandika.

Nanyi vijana wenye wazee majumbani ambao macho hayaoni tena vizuri, au ambao kalamu haikuwahi kuwa yao, kaeni nao jioni moja na karatasi. Waulizeni wanataka kumwandikia nani. Andikeni wanavyosema, msiwapambie wala msiwafupishie salamu. Mkimaliza wasomeeni, na wakisema futa, futeni. Kesho yake ofisi ya posta inafunguliwa asubuhi.